Ile Filamu ya Paka Uliyotutuma Tukaione

Nyumba ya Fundi Friji,
Nyuma ya duka la mikate,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

U hali gani huko uliko? Kifua kimepona, au bado unakohoa kama siku ile kwenye simu? Na wale watoto wa watu unaowalea, hawajambo? Sisi huku tu wazima. Goti la Mama linamsumbua akipanda ngazi, na kwa kuwa mlangoni petu pana ngazi tatu, analalamika mara tatu. Wifi yako hajambo, na cherehani yake haijambo. Binti yako Kidoti ana afya, anakula vizuri, na jino la mbele limeng'oka. Mimi pia ni mzima, ila nimekukasirikia, na nimeona nikuambie mapema usije ukasoma ukidhani nakutania.

Wewe ndiye uliyesema tumpeleke mtoto akaone ile filamu ya katuni. Ulisema watoto unaowalea wameipenda, kwamba inamfundisha mtoto kusema yaliyo moyoni. Nikaitikia. Jumamosi ya tarehe mosi nikaliacha friza la mwenye bucha matumbo nje, nikavaa shati la kutokea, tukaenda wote wanne.

Filamu yenyewe ni ya msichana anayehamia nyumba mpya, na kila anachohisi ni paka. Wa hasira ni mwekundu, anararua mapazia. Wa woga haondoki uvunguni mwa kitanda. Wa huzuni amelowa chapachapa siku zote, na kila akitaka kupanda mapajani mwa yule msichana anafukuzwa, mpaka nyumba nzima ikafurika maji. Watoto ukumbini walikuwa wanacheka. Kidoti hakucheka hata mara moja. Alikaa ameing'ang'ania mikono ya kiti kama yuko kwa daktari wa meno. Na aliyelia ni nani? Mimi. Mtu mzima na ndevu zangu, nalia kwa ajili ya paka wa kuchorwa! Wifi yako akanipa leso bila kunitazama, na tangu siku hiyo sina heshima ndani ya nyumba hii.

Basi tukarudi nyumbani na paka. Mjomba usifunge mlango, yupo mmoja nje. Mjomba usikae hapo, amelala. Mama akakatazwa kiti chake mwenyewe.

"Nimezaa watoto watano," Mama akasema, "sikufuga paka hata mmoja, na wote mlikua."

"Ulikuwa nao, Bibi," Kidoti akamjibu. "Ulikuwa unawakanyaga tu."

Ungeuona uso wa mama yako! Siku nne nzima naruka vitu visivyoonekana nikiwa nimebeba mitungi ya gesi, na kila nikiruka nakutaja wewe.

Lakini si paka walionifanya nishike kalamu.

Jumatano asubuhi, shule ikiwa imefungwa, nilikuwa karakana nabadilisha kompresa ya friji la soda la mwenye duka wa pale kona. Kidoti alikaa juu ya ndoo, ananishikia bisibisi. Akaniuliza, "Mjomba, mbona kwenye filamu hakukuwa na paka wa uongo?"

"Labda walimsahau," nikasema.

"Wewe unaye."

Nikamuuliza ana maana gani. Akasema bila kuinua macho, "Mama amesaini mkataba wa miaka miwili mingine. Alikwambia usiniambie, eti nitalia. Uliiweka simu sauti kubwa kwa sababu ulikuwa unalehemu."

Mdogo wangu, nikaiweka kompresa chini. Wiki tatu! Wiki tatu namwambia mtoto wa miaka minane kwamba mama yake anakaribia kurudi, naye ananiitikia "sawa, Mjomba," huku anajua. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu, "Niliogopa Bibi atalia." Kumbe sisi tunamficha yeye, yeye anatuficha sisi, na nyumba nzima tunatabasamiana kama watu wanaopigwa picha.

Nikamwambia yote. Kwamba umesaini, kwamba hukupenda, kwamba utapata likizo moja tu katikati. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akarusha spana. Haikunipata mimi, iliupata mlango wa kioo wa lile friji la soda, ukaporomoka wote. Mwenye duka nimemweleza kama ilivyokuwa, akanitazama kama anayemtazama mtu aliyechanganyikiwa.

Ndipo Kidoti akalia. Alilia mpaka majirani wakachungulia. Wifi yako akaja mbio akaanza, "Nyamaza, mama yuko njiani," nikamkatiza kwa ukali ambao ilinibidi nimwombe radhi baadaye. Nikakaa sakafuni kwenye vipande vya kioo, nimeushika mguu wa mtoto asije akajikata. Mama naye akaja, akakaa kwenye ile ndoo, akalia pamoja naye. Wala hakuna aliyekufa. Tulichokiogopa wiki tatu kilikwisha kabla chai ya saa nne haijapoa.

Alipotulia alinipa maneno ya kukuletea, nami nakuletea kama yalivyo: "Mwandikie Mama nimekasirika. Asitume zawadi. Aniambie mwenyewe."

Sikulaumu kwa kazi. Najua kwa nini umesaini, na ungeniuliza ningekuambia saini. Lakini unawahimiza watoto wa watu waseme yaliyo moyoni, halafu wako unanipa mimi nimdanganye? Kazi hiyo nimeacha. Mimi ni fundi friji.

Jumapili ya kwanza ukishaipata barua hii, saa kumi jioni ya huku, piga simu. Usiniulize mimi, muulize yeye. Usiseme "hivi karibuni", maana kalenda anaijua kuliko wewe na mimi. Akikukaripia, usikate ukasingizia mtandao. Akinyamaza, nyamaza naye, msubiri.

Mama anakusalimu sana, na anasema kichwa kigumu cha mtoto huyu anajua kilikotoka. Wifi yako amekukatia gauni, anangoja vipimo vipya kwa sababu anahofia umekonda. Kaka yetu dereva wa lori alipita juzi, naye anakusalimu na kukuombea heri.

Mungu akutunze huko ugenini, akupe afya, na akuweke kati ya watu wenye huruma.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda hata ninapokufokea,

Fundi

Nyongeza: Kidoti ameisoma barua hii yote, sikuwahi kumzuia. Alitaka nipafute pale alipolia. Nikashika kalamu, akanizuia mkono. "Basi, paache," amesema. "Ajue."