Springi za Guta kwa Boti Yangu ya Kwanza

Alhamisi, Kagongwa. Jua limewaka kutwa nzima, vumbi la mashine za mpunga limeingia mpaka kwenye bakuli la sukari, na mimi nina furaha hadi nashindwa kutulia kwenye kiti.

Nimepata springi!

Najua. Mama mzima wa watoto mapacha anarukaruka kwa ajili ya vyuma. Ngoja nieleze.

Kazi yangu ni kutengeneza matangi ya maji ya fiba. Mwaka huu Mama Zawadi, ambaye anavusha abiria ziwani kule Nkome, Geita, aliona tangi langu kwa ndugu yake akaniuliza kama naweza kumtengenezea boti. Nikamjibu naweza. Sikuwa na uhakika hata kidogo. Sasa boti iko uani kwangu, nyeupe, ina mstari wa bluu ubavuni, na Jumamosi inatakiwa iwe ziwani. Barabara ya kwenda Geita ninaijua, kuna vipande ni makorongo matupu. Boti ikifika na ufa, hakuna mtu wa ziwani atakayeagiza nyingine Kagongwa, na mimi nitarudi kwenye matangi yangu nikijifanya sikuumia.

Tela tulilonunua la kuibebea boti lilikuwa likibeba mawe ya dhahabu machimboni. Springi zake, zile bamba za chuma zinazolaliana chini ya tela, zilikuwa zimekatika. Jana nikalipeleka kwa Fundi Masanja, gereji yake iko jirani na mashine ya mpunga. Akaniita mama kwa Kisukuma, akaniuliza swali moja tu.

"Mayu, litabeba nini?"

Nilitakiwa kusema boti. Lakini gereji ilikuwa imejaa watu, na mtaani wameshanichosha. Wananiita Mama Safina. Wananiuliza gharika ni lini nao wajiandae. Kutengeneza boti mahali ambapo maji yenyewe tunayanunua kwa ndoo kweli inachekesha, ila si kila siku. Nikajibu, "Mzigo wa kawaida tu, unakwenda Geita."

Kawaida!

Kagongwa mzigo wa kawaida ni magunia ya mpunga mpaka tela lipige magoti. Ukitaja Geita, mtu anawaza mawe. Fundi Masanja akafunga springi nene za lori, halafu kwa roho yake nzuri akaongeza bamba moja juu. Huku kwetu hakuna anayefunga springi bila kuongeza bamba.

Leo asubuhi nikamwambia mume wangu, Baba Kulwa, tujaribu tela kabla ya kuipandisha boti. Tukafunga juu yake tangi langu moja tupu, yeye akaendesha pikapu, tukazunguka mpaka barabara kuu na kurudi. Kwa mzigo mwepesi springi hazikujikunja hata kidogo, tela lilikuwa linaruka kila tuta kama mbuzi aliyefunguliwa. Tulipofika nyumbani nikapitisha kiganja kwenye tangi, na pale chini, kwenye kona, nikaukuta ufa mwembamba kama unywele.

Nilikaa chini palepale uani. Nililia kidogo, sitaki kuficha.

Kisha hasira ikanipanda, hasira juu yangu mwenyewe, na nikamwambia Baba Kulwa tugeuze gari. Gereji ilikuwa imejaa kuliko jana. Nikasimama katikati yao nikasema kwa sauti, "Fundi, ni boti. Nimetengeneza boti. Hizi springi zitaniulia boti yangu."

Halafu Fundi Masanja akaweka spana chini.

"Sasa mayu, boti ni kitu cha kuficha? Mimi nimekufungia za mawe!"

Wakacheka, na mimi nikacheka nao, na cha ajabu sikusikia aibu yoyote. Wote wakataka kusaidia. Mmoja akaleta springi za pikapu kuukuu, laini sana, lakini moja ilikuwa imelala na nyingine imesimama, nikazikataa. Ndipo nikaona zile za guta, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, zikining'inia ukutani, mpya, bamba tano nyembamba. Guta linabeba viti, linabeba vitanda, linabeba hata bibi harusi, na halivunji kitu.

"Boti ina uzito gani?" fundi akauliza.

Kilo siwezi kuzitaja, sina mzani. Lakini nakumbuka tulipoigeuza, wanaume sita waliinyanyua bila kuguna. Kwa vijana waliozoea kubeba mpunga, nikakadiria nusu gunia kwa kila mtu. Nikamwomba jirani wa mashine magunia matatu ya mpunga. Fundi akahamisha vishikio, akafunga springi za guta, tukapakia magunia. Bamba zikajikunja kidogo, zikatulia. Nikafunga juu yake tangi jingine zima, tukaenda tena barabarani, safari hii tukachagua njia mbaya kwa makusudi.

Tuliporudi nililikagua tangi kila kona, nikarudia. Hakuna ufa. Hata mkwaruzo hakuna. Nikampigia vigelegele Fundi Masanja mpaka wateja wa mashine wakatoka nje kuangalia kuna harusi gani.

"Wabeja, fundi, wabeja sana," nilimshukuru kwa Kisukuma, na nilimaanisha.

Kesho tunapandisha boti. Vijana wa gereji wamesema watakuja wenyewe kuinyanyua, maana wanataka kuiona kabla haijaondoka. Baba Kulwa amelala zamani. Mimi nimekaa hapa uani, nimeiegemea.

Kwa springi sina wasiwasi tena. Sasa limebaki jambo ambalo nimekuwa naogopa kuliandika. Miaka yote nimetengeneza vitu vya kuhifadhi maji ndani. Hiki ndicho cha kwanza ambacho maji yanatakiwa yabaki nje.

Itaelea?