Niliandika Jina la Mdogo Wangu kwenye Fomu ya Mate

Shangazi mpendwa, nisaidie kabla ya Jumatatu, na unisamehe mwandiko wangu mbaya, nimeamua kuandika kwa kalamu kwa sababu siku hizi hata simu yangu mwenyewe naiogopa.

Mimi ni mkata vioo, nina miaka thelathini na tisa, binti mmoja wa miaka kumi na sita, na mdogo wangu wa kike mmoja tu hapa duniani, ambaye tangu utotoni tunamwita Bisibisi kwa sababu hakuna redio wala saa iliyoingia nyumbani kwetu ikabaki nzima. Sasa ni fundi wa lifti. Anaingia kwenye mashimo ya majengo marefu, ananing'inia kwenye mkanda na taa kichwani, na shemeji yangu mwenyewe husema kazi ile ndiyo mume wa kwanza, yeye ni wa pili.

Mama yetu alianza kuugua akiwa na miaka arobaini na miwili. Kwanza vikombe vilimponyoka, halafu mabega yakawa yanaruka yenyewe, miguu ikawa inacheza ngoma ambayo hakuna aliyeipiga, majirani wakasema analewa, na sisi watoto tukaona haya kutembea naye barabarani, Mungu atusamehe. Alipofariki alikuwa hatutambui. Baadaye daktari akatueleza kwamba ni ugonjwa wa kurithi na kwamba kuna kipimo cha vinasaba kwa anayetaka kujua. Tulipotoka tu, pale pale kwenye ngazi za hospitali, Bisibisi akanishika bega akaniambia, "Dada, mimi sitaki kujua. Kama ninao, unikute naishi. Usije ukanipima hata kwa maneno." Nikamwapia.

Mwaka jana kiwanda chetu kikaleta mpango wa afya, kila mfanyakazi avae bangili ya mpira inayosoma mapigo ya moyo na usingizi na mitikisiko ya mkono, na ateme mate kwenye kichupa ili magonjwa yajulikane kabla hayajaja. Walisema ni hiari, lakini anayekubali anapewa siku mbili za mapumziko. Mzee Gundi, tunayefanya naye meza moja, mimi nakata yeye anabandika kwenye fremu, alisema, "Mate yangu nayameza mwenyewe," akaendelea na kazi yake. Mimi nilikuwa nimechoka, Shangazi, nilikuwa nimechoka mpaka kwenye kucha, nikatema. Halafu fomu ikauliza ndugu wa damu ni nani, umri wao, wanafanya kazi wapi, nikajaza yote, na chini kulikuwa na kisanduku kinachosema nakubali taarifa zangu zitumiwe na washirika wa mpango, nikaweka tiki bila kusoma kwa sababu karatasi zilikuwa nne na nyuma yangu kulikuwa na foleni.

Baada ya wiki sita muuguzi wa kiwanda akaniita kwenye chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya gundi, bado kinanuka, akafunga mlango, akageuza kompyuta nione. Ninao. Ule ule wa mama. Aliniambia kwa sauti nzuri kabisa, kama mtu anayekusomea saa za basi, akanipa kijitabu chenye picha ya familia inacheka, akaniuliza kama nina swali. Nikasema sina. Nikarudi kukata vioo.

Tangu siku hiyo nauangalia mkono wangu wa kulia kama mtu anayemchunga mgeni asiyemwamini. Mwezi uliopita kioo cha dirisha kiliniponyoka, kikapasuka miguuni pangu, na sijui kama ni ugonjwa au ni woga wa ugonjwa, lakini kesho yake msimamizi alikuwa na karatasi mkononi imeandikwa mkono wa kulia, mtikisiko, mara tatu. Nikaivua ile bangili nikaifunga kwenye mguu wa kiti. Haikupita saa moja ikaniandikia kwenye simu, "Hujambo? Hatujakuona ukitembea." Niliivaa tena mbio, jasho linanitoka, kama mwizi anayerudisha kitu kabla mwenyewe hajafika.

Lakini hilo silo lililonifanya nishike kalamu. Wiki tatu zilizopita, Jumapili mchana, Bisibisi alikuja kwangu na nguo za kanisani hajazibadilisha, akakaa jikoni, akasema, "Dada, wamenitoa kwenye lifti."

Nikamuuliza wamekutoa vipi.

"Wameniweka mezani napokea simu. Wanasema ni kwa usalama wangu. Usalama gani? Miaka kumi na moja sijawahi hata kuangusha spana! Nimeuliza, wananiambia ni maelekezo kutoka ofisi ya afya. Mafundi wenzangu wameanza kuninusa nikipita. Wanadhani nakunywa."

Shangazi, aliposema neno lile nilimwona mama. Na hapo hapo nikaelewa, maana kampuni ya lifti nayo iko kwenye mpango ule ule, muuguzi alishaniambia kwa kujisifu kwamba makampuni zaidi ya arobaini yamejiunga. Wao hawakuhitaji mate ya Bisibisi. Walikuwa na ya kwangu, na jina lake kwa mwandiko wangu.

Akaniangalia. "Unajua kitu?"

Nikasema, "Nitajuaje mimi mambo ya lifti?" nikasimama nikaanza kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Sasa binti yangu ameleta fomu kutoka shuleni, na kichupa chake ndani ya bahasha, mpango wa afya ya baadaye wanauita, inatakiwa Jumatatu, na yeye ana hamu nayo kweli, anasema wenzake wameshatema na wanalinganisha majibu wakati wa mapumziko, na msichana mmoja ameachwa na rafiki zake wote kwa sababu karatasi yake ilikuwa na mistari myekundu. Anasema, "Mama, kwani tuna nini cha kuficha?" Na mwenye nyumba wetu mpya, kwenye mkataba wa kupanga, ameongeza mstari unaouliza kama kwenye familia kuna maradhi ya kurithi. Naona kama kuta zinasogea. Nikimwambia mdogo wangu nimevunja kiapo na nimempima kwa maneno, nisipomwambia ataendelea kunuswa. Nikitia sahihi fomu ya shule nimemuuza mtoto, nisipotia watauliza kwa nini. Nifanye nini? Nimemuua ndugu yangu akiwa hai, Shangazi.

Mimi, Mkata Vioo

*

Mwanangu Mkata Vioo,

Kaa chini kwanza. Hujamuua mtu. Umekosa, na kukosa kwako nitakusema sasa hivi, lakini pumua kwanza.

Umeponzwa na uchovu, na uchovu naujua. Ila tusidanganyane. Mate ni yako, ungeweza kuyagawa barabarani ukitaka. Jina la mdogo wako si lako. Ulimwandika mtu mzima mwenye akili zake kwenye karatasi ambayo hukuisoma, kwa siku mbili za kulala. Mzee Gundi alikuwa kwenye kiwanda hicho hicho, na meza hiyo hiyo. Na la kuosha sufuria safi ndilo limeniuma zaidi. Fomu uliijaza hujui itafanya nini. Jikoni ulikuwa unajua.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu kuna jambo hukulielewa, na nimemuuliza daktari ninayemwamini kabla ya kukujibu. Majibu yako si majibu ya mdogo wako. Ugonjwa huu, mzazi akiwa nao, kila mtoto anazaliwa na nusu kwa nusu, kivyake. Wewe kuwa nao hakumwongezei yeye wala hakumpunguzii. Yeye leo yuko pale pale alipokuwa siku ile kwenye ngazi za hospitali, na binti yako naye ni nusu kwa nusu, si zaidi. Waliomtoa Bisibisi kwenye lifti hawajui chochote juu ya Bisibisi. Wamemhukumu kwa bahati nasibu ambayo hata haijachezeshwa, na wakaita usalama. Hilo ndilo linaloniogopesha mimi kuliko ugonjwa wenyewe: kwamba mtu anaweza kukaa kiti kingine maisha yake yote kwa sababu ya karatasi ya mtu mwingine, na asiwepo hata mmoja wa kumwambia kwa nini.

Kwa hiyo utakwenda. Usipige simu, nenda kwa miguu yako, kabla ya Jumatatu. Kiapo chako kilikuwa usimpime, na hutampima. Utamwambia kosa lako tu: kwamba ulitema, ulijaza fomu, uliandika jina lake na kazi yake, na ukamdanganya jikoni. Majibu yako wewe usiyataje mpaka akuulize. Atakasirika. Mwache akasirike, usianze kulia ili akubembeleze yeye. Lakini lazima ajue kwamba aliyemtoa kwenye lifti ni karatasi, si mikono yake, wala si kwamba kuna mtu amemwona analewa. Mwanamke huyu anatembea na aibu isiyo yake, na ufunguo unao wewe mfukoni.

Akishajua, aandike barua kwa mwajiri wake aombe sababu ya uhamisho kwa maandishi. Kwa maandishi, narudia, maneno ya mdomoni yanapeperuka. Aende na mtu wa chama cha wafanyakazi, na kama kuna kituo cha msaada wa kisheria karibu nanyi, apite huko kabla. Wewe nawe andika kwamba unafuta ridhaa yako na unataka jina la ndugu yako litolewe, peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo nyumbani. Labda wataifuta, labda hawatafuta. Sitakudanganya, kilichokwisha kwenda kwa makampuni arobaini kukirudisha ni kazi. Lakini anayenyamaza huhesabiwa amekubali.

Fomu ya shule usiitie sahihi. Mrudishie mwalimu kichupa kitupu na uandike "hapana", na wakiuliza kwa nini, jibu ni kwamba mtoto huyu akifika umri wa mtu mzima atachagua mwenyewe. Basi. Huna deni la maelezo, wala kwa huyo mwenye nyumba, mstari wake uache wazi. Binti yako mweleze juu ya bibi yake, polepole, mchana, mkiwa wawili. Anauliza mna nini cha kuficha. Mwambie si kuficha. Kuna mlango wa chumbani, na kila mtu ana haki ya kuufunga.

Halafu wewe. Tafuta daktari asiyelipwa na bosi wako, akutazame huo mkono. Mwenye hofu huangusha vioo pia. Na siku ya kumwona, bangili iache kiwandani.

Shangazi

*

Wasomaji wangu, jibu hilo nililituma kwanza kwa Mkata Vioo peke yake kwa sababu ya ile Jumatatu. Nimelichapa leo, pamoja na barua yake, kwa ruhusa yake na ya mdogo wake, ambaye amesema ukurasa huu hatausoma. Jana nimepokea barua hii.

Shangazi, nilikwenda Jumamosi asubuhi. Bisibisi alikuwa uani anaanika nguo. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kama ulivyosema, bila kulia. Aliendelea kuanika mpaka beseni likaisha, hanitazami. Halafu akasema, "Kwa hiyo si mimi?"

Nikasema, "Si wewe."

"Sijaharibu kitu."

"Hujaharibu kitu."

Akakaa kwenye beseni lililopinduliwa, akalia kwa kelele, shemeji akatoka ndani na povu la sabuni kidevuni akidhani kuna msiba. Kisha Bisibisi akanitukana, Shangazi, matusi ambayo sikujua anayajua. Nikayapokea yote. Mwisho akasema, "Majibu yako usiniambie." Nikasema sitamwambia. Lakini alikuwa anautazama mkono wangu wa kulia, nami nilikuwa nimeuweka mfukoni, na nadhani kuuweka mfukoni kulimwambia.

Binti hakutema. Mwalimu ameandika jina lake kwenye orodha nyingine. Nimeuliza ni orodha ya nini, nimeambiwa haina maana yoyote.

Daktari niliyemwona hajaona kitu mkononi. Alisema leo. Alisema, "Leo sioni kitu," nami nimelishika hilo neno leo kwa mikono miwili.

Kampuni ya lifti imejibu kwa maandishi. Wanasema atarudi juu siku yoyote, hata kesho, akikubali kupimwa. Asipopimwa atabaki kwenye simu. Wamempa mpaka mwisho wa mwezi, na chama kimesema kitakwenda naye kwenye baraza la usuluhishi, lakini kesi ya namna hii hawajawahi kuwa nayo, hawajui itaangukia wapi. Tulisoma barua hiyo pamoja, mimi na yeye, kwenye benchi nje ya ofisi ya kampuni. Nikamuuliza atafanya nini. Akaikunja mara nne, akaitia kwenye sidiria, akasema, "Wakitaka kujua nina nini, waje wakae hapa wanisubiri nizeeke."

Nikacheka. Halafu nikageuka nikamtazama usoni, nikaona kwamba alikuwa hatanii, na kwamba alikuwa anaogopa sana.