Mama, Refa ni Mtu wa Kupelekewa Neno

Mama mpendwa, Mwaitu wangu,

Jumamosi iliyopita nilichezesha fainali ya wasichana pale Kajiado. Ilikuwa mechi yangu ya kwanza tangu tukuzike, na nimetaka wa kuambiwa kwanza uwe wewe.

Unakumbuka siku niliyokuja na filimbi nyumbani Kitengela? Ulikuwa umetoka kazini, shamba la maua kule Isinya, vidole vimechanwa na miiba ya waridi, unachambua majani ya sukuma wiki. Nikakuambia nimeingia kozi ya marefa. Hukuinua kichwa.

"Refa ni mtu wa kutukanwa," ulisema. "Nimekusomesha ndio ukatukanwe?" Kisha ukauliza, "Na hilo jina refa, maana yake ni nini?"

"Ni yule wa filimbi, Mwaitu."

"Hiyo ni kazi yake. Mimi nimeuliza maana."

Swali lako liliniuma. Wiki hiyo nilimwuliza mwalimu wetu wa kozi, refa mstaafu. Alifurahi kama mtu aliyelingoja swali hilo miaka mingi. Akasema neno ni la Kiingereza, referee, nalo linatokana na kitendo cha kupeleka jambo kwa mtu mwingine aliamue. Hata kabla ya mpira, waliitwa hivyo watu waliokabidhiwa mashauri wayachunguze. Mpira ulipoanza kupangwa huko Uingereza, kila timu ilikuja na mwamuzi wake. Hao wawili wakishindwa kuelewana, walimwendea mtu wa tatu aliyesimama nje ya uwanja. Huyo ndiye refa. Kazi yake ilikuwa kungoja aulizwe.

Jioni nilikueleza yote. Ukasema, "Kumbe ni mtu wa kupelekewa neno." Nilitaka kukukumbusha kwamba wenzako wa shambani, wakikosana juu ya zamu, walikuja kukaa jikoni kwetu uwaamue. Nikaogopa. Hukunikataza tena, lakini baraka hukunipa.

Halafu ikaja ile mechi ya timu yetu ya Kitengela na wageni kutoka Kimuka. Sare ya bao moja kwa moja, dakika za mwisho. Nikaona mpira umemgonga beki wa wageni mkononi, nikapuliza penalti. Uwanja ukalipuka kwa shangwe. Lakini Lemayian, msaidizi wangu, alikuwa ameinua kibendera. Nikamwendea.

"Si mkono," aliniambia. "Ulimgonga kifua. Wewe ulizibwa, hukuona."

"Uko na hakika?"

"Kabisa."

Nikaifuta penalti. Mashabiki wetu wakavuka mstari. Mmoja akanipigia kelele, "Kwani mamako alikufunza nini?"

Sikujua umekuja. Niliiona leso yako ya kijani ikisimama katikati ya watu, nikasikia sauti yako.

"Mamake ni mimi! Nilimfunza kuuliza kabla ya kusema. Wewe mamako alikufunza nini?"

Watu wakaangua kicheko, hata yeye mwenyewe akacheka na kurudi nyuma ya mstari. Tukamaliza mechi. Njiani ulinibebea mfuko wa viatu, ukasema tu, "Endelea na hiyo kazi."

Ugonjwa ulipokuchukua, niliacha. Kila nikiitwa nilikataa, maana niliogopa kutazama watu waliosimama kando ya uwanja. Mwezi uliopita Lemayian alinipigia simu. "Fainali wanakutaka wewe," alisema. "Timu zote mbili." Nililia, kisha nikakubali.

Kwenye fainali nilifuta bao moja kwa ofsaidi, na timu iliyonyimwa bao hilo ikapoteza kombe. Baada ya zawadi, kapteni wao, Naserian, alinijia macho mekundu. Nikajiandaa kwa matusi.

"Madam, sijakuja kugombana. Nieleze tu ile ofsaidi."

Tukapiga magoti nyasini, tukapanga mawe na vifuniko vya soda. Akasogeza jiwe lake mara mbili, tatu, akibisha. Mwishowe akatikisa kichwa.

"Kweli nilikuwa nimetangulia." Akapangusa magoti, akanitazama. "Hiyo kozi ya marefa, mtu wa miaka kumi na sita anachukuliwa?"

Nimeshaliandika jina lake kwenye kozi, Mwaitu. Tunaanza mazoezi Jumatatu.

Pumzika vyema. Mimi naamka mapema kesho, nikakimbie.

Binti yako, kitinda mimba