Buluu ya Ukingoni

Jumatatu, 3 Machi

Nimekwenda kazini na kiatu kimoja cheusi, kingine buluu. Mlinzi wa getini ndiye aliyenishtua. Ati mama, leo umevaa baba mmoja mama mbalimbali! Nikacheka naye, nikamwambia ndiyo fasheni mpya. Siku nzima nimeficha miguu chini ya meza kama mtoto aliyejikojolea.

Na asubuhi nilivitazama! Dirishani kabisa. Vilikuwa vyeusi vyote viwili, naapa.

Haya, andika, mwanamke, hapa hasomi mtu. Buluu inanitoroka. Anga naiona kijivu. Shati jeupe la mume wangu, mzee wangu huyu, nimelirudisha kwenye beseni mara mbili kwa sababu limegeuka manjano, naye akanishangaa – shati jipya hili, unalitesea nini?

Mwingine angenunua miwani, yakaisha. Mimi kazi yangu ni kukadiria sarafu za zamani za fedha, na mezani kwangu huletwa zile zilizoshika rangi. Rangi ndiyo kazi yenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Trei ya leo sarafu ishirini na mbili. Nimezimaliza zote. Jinsi nilivyozimaliza ndiyo aibu.

Fedha ikikaa miaka mingi kwenye bahasha au droo ya mbao hushika rangi. Kwanza manjano hafifu, kisha dhahabu, kisha zambarau nyekundunyekundu, halafu buluu. Zinakuja kwa foleni, haruki mtu. Mjanja akitaka kuiga huipika sarafu kwa dawa, kazi ya siku moja, na rangi zake zinakuja ovyo – buluu imejibandika juu ya weupe, haina nduguye. Rangi ya kweli ikipendeza, na mng'ao wa fedha ukipenya chini yake, napandisha alama na watu wazima wanagombania sarafu mpaka wanavunjiana heshima. Rangi ya kweli lakini ya matope, yenye madoa, nashusha. Iliyopikwa haipati alama kabisa. Inapata barua ya kukataliwa, na mwenyewe anaonekana tapeli.

Sasa mimi sarafu nyeupe pe naiona ya dhahabu. Yenye buluu naiona kama imetoka kwenye tope.

Ninachofanya ni kumtumia Lenzi. Huyu ni mwenzangu, mkadiriaji wa kwanza, anayeitazama sarafu kabla haijafika kwangu. Tumempa jina hilo kwa kuwa hata chai anaichunguza kabla ya kunywa. Anapenda kusema. Namsogezea sarafu, namuuliza unaionaje, kama namtahini. Basi! Ataniambia dhahabu iko wapi, zambarau inaanzia wapi, buluu imefika herufi gani. Natikisa kichwa, naandika. Yeye anadhani namfundisha.

Tangu lini nafanya hivi? Hilo leo siandiki.

Ijumaa, 7 Machi

Mkuu wa kampuni ameleta utaratibu mpya. Kuanzia wiki ijayo hakuna kuzungumza kabla ya kuandika. Kila mmoja ataandika karatasi yake peke yake, ataikunja, na za wote zitafunguliwa pamoja. Nikitofautiana na Lenzi, neno langu ndilo la mwisho.

Sababu? Ati Lenzi ananifuata kama mkia. Yeye ananifuata mimi!

Wakati wa kutoka Mkuu akaniwekea mkono begani. Kasema mama, kampuni hii ni jicho lako. Nimesema asante, mwanangu. Ningesema nini?

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kwa daktari wa macho, upande wa pili wa mji nisikojulikana. Mtoto wa jicho. Macho yote mawili. Miaka hamsini na saba, na leo naambiwa nina mapacha.

Daktari anasema si jambo la kutisha. Upasuaji jicho moja, kisha la pili, mapumziko wiki tatu. Utashangaa rangi zilivyo, anasema. Wengine bandeji ikitoka wanalia kwa furaha. Nikamuuliza, na vile nilivyoviona vibaya zamani? Hakunielewa. Kasema utavisahau.

Mimi nitavisahau! Kila kimoja kina cheti chenye sahihi yangu.

Naogopa kupona. Nimeliandika sasa, lipo. Nikiona, nitaziona sarafu zote nilizokosea.

Na nikiomba likizo ya macho, Mkuu ataniuliza swali moja tu: tangu lini? Najua kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kuliuliza. Miaka minane iliyopita kiti hiki kilikuwa cha Mwalimu, aliyenifundisha kazi toka nilipokuwa sijui kushika sarafu kwa ukingo. Nikagundua haoni tena buluu. Sikumwambia yeye. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mkuu, na tena nikashauri vyeti vyake vyote vya miezi sita virudiwe. Vikabandikwa ubaoni, jina lake juu. Ilikuwa kweli, alikuwa haoni. Lakini kiti nilikuwa nakitaka pia.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimo ndani, na nimekichimba kirefu.

Jumanne, 11 Machi

Karatasi za kukunja. Chumba kimya, nasikia feni tu. Lenzi anaandika huku anajing'ata ulimi asiseme.

Nyingi nimekisia vizuri. Mng'ao bado nauona, mikwaruzo bado naiona, hapo naweza. Moja imenishinda. Ya mwanamke fundi cherehani, ameileta mwenyewe. Katikati dhahabu, sawa. Kisha tope. Kisha ukingo mweusi. Niliizungusha chini ya taa mpaka shingo ikauma. Nikaandika: imepikwa.

Karatasi zikafunguliwa. Lenzi aliandika rangi ya kweli, alama sitini na sita kati ya sabini, mvuto wa hali ya juu. Aliniangalia kwa mshangao. Kasema haya, dada mkubwa, wewe ndiye wewe.

Niseme ukweli? Niliogopa. Na mwoga ukali humfaa – anayekataa haulizwi sana. Barua imekwenda.

Alhamisi, 13 Machi

Fundi amekuja. Nimeitwa kaunta kumweleza.

Kumbe haiuzi. Baba yao alifariki mwaka jana, akaacha sarafu tatu, kila mtoto moja. Kaka zake wawili zao zilikuja hapa, nyeupe, za kawaida, zikapata vyeti. Yake ndiyo baba aliyoipenda – aliiweka miaka arobaini ndani ya bahasha ya mshahara, kwenye droo ya cherehani. Sasa barua yetu imefika nyumbani na kaka zake wanasema ameiuza ya baba na kuweka feki. Jana mkubwa wao kamtoa nje ya kikao cha familia, mbele ya watoto wake.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Kasema, mama, mimi hata mayai naunguza, hiyo fedha nitaipikaje? Na vidole vyake vina matundu ya sindano. Nimekariri maneno ya kazini – uamuzi umezingatia vigezo. Nimejichukia vigezo vikiwa bado mdomoni.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeichukua picha ya ile sarafu kwenye faili nikaja nayo nyumbani. Mzee wangu alikuwa anakunywa chai ya jioni barazani. Nikamuuliza tu, kama mchezo, unaona rangi gani hapa?

Hajui lolote la sarafu, alikuwa mwalimu wa hesabu. Kaweka kidole katikati. Dhahabu. Kakisogeza. Hii ni kama zambarau, nyekundu imo. Kakisogeza hadi ukingoni, akatabasamu. Lo, buluu hii imetulia! Kama moto wa gesi.

Dhahabu, zambarau, buluu. Kwa foleni, bila kuruka.

Nikamwambia kikombe kinavuja, nikaingia ndani. Kikombe chake kizima. Nimekaa chooni nimefungulia bomba, nikalia. Mwanamke yule ametolewa kikaoni na macho yangu mabovu.

Jumapili, 16 Machi

Amejua. Miaka thelathini ya ndoa, ningemficha nini? Alinionyesha kanga mbili zangu, akaniuliza ipi ya buluu. Nikakisia. Nikakosea.

Hakunicheka. Kasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Nikamrukia! Nimemwambia yeye amestaafu, anakula pensheni barazani, hajui kukaa kwenye kiti ambacho watu wanasubiri uanguke. Kasema kweli, sijui. Kisha akazipanga soksi zangu zote kwenye droo, buluu kushoto, nyeusi kulia. Ningeona afadhali angegomba.

Jumatatu, 17 Machi

Nimejaribu. Nilimwendea Mkuu asubuhi, nikamwambia ile ya fundi nataka kuitazama upya. Kauliza kuna nini? Nikasema labda nilichoka. Akafunga mlango. Mama, anasema, ukibadili neno bila sababu wataniuliza na mengine. Kama ipo sababu niambie sasa hivi.

Hapo ndipo palikuwa pa kusema! Mlango umefungwa, tuko wawili. Nikasema hapana, hakuna sababu.

Akasema basi vizuri, kwa sababu fundi amekata rufaa. Alhamisi itasikilizwa hapahapa, sarafu mezani. Na analeta shahidi anayejua sarafu. Akamtaja.

Mwalimu.

Jumatano, 19 Machi

Sikula. Nimejifunza kwa moyo picha yote: dhahabu mpaka kwenye herufi, zambarau nyembamba, buluu mpaka ukingoni. Naijua kama sura ya mama yangu. Kuijua si kuiona.

Trei mbili leo. Nimekisia trei nzima ya pili.

Alhamisi, 20 Machi

Saa nne na nusu asubuhi. Niko stoo, nimekalia kreti la makasha ya plastiki. Mkuu ametoa dakika kumi.

Tulianza saa tatu. Mkuu, Lenzi, fundi na mkoba mapajani. Na Mwalimu. Amekonda, shati limenyooshwa vizuri. Macho yake maangavu! Kumbe alifanyiwa upasuaji. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, kama vile tuliachana jana.

Sarafu ikawekwa kwenye kitambaa cheusi. Nikaishika kwa ukingo. Nikaiinamisha kwenye taa, nikaizungusha, nikaiinamisha tena, nikitafuta mng'ao maana rangi sina. Mwalimu aliacha kuitazama sarafu. Akawa ananitazama mikono. Hivyo ndivyo alivyokuwa anazungusha yeye, miezi ile ya mwisho – na ndivyo nilivyomgundua.

Nikangoja aseme. Akasema Mkuu, taa hii si nzuri kwa fedha iliyoshika rangi, tusogeze meza dirishani, watu wapumzike kidogo.

Kwenye korido akanishika kiwiko. Tangu lini? Hakungoja jibu. Kasema pale dirishani sema dhahabu, zambarau, buluu. Sema taa ilikudanganya. Nitakuunga mkono. Nikamwambia Mwalimu, nisamehe. Kasema sikuja kwa ajili yako, nimekuja kwa ajili ya huyu mama. Kisha, sauti ileile ya chini: mimi hukunipa hata hizi dakika kumi.

Akaenda zake kusaidia kusogeza meza. Mzee wa miaka sabini na tatu, anasogeza meza ili mimi niweze kudanganya vizuri.

Haya. Nikisema buluu, fundi anapata cheti chake na kaka zake wanafunga midomo. Nikisema sioni, karatasi ya Lenzi ipo, Mwalimu yupo, bado anapata cheti. Njia zote mbili fundi anapona. Kwa hiyo hata yeye siwezi kumsingizia kwamba nadanganya kwa ajili yake. Nimebaki mimi peke yangu, na wale wengine wote ambao sijui hata wako wapi na barua zangu.

Na nikisema buluu wataniamini! Ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Mkuu atashukuru, Lenzi atajifunza, na saa saba mchana nitaletewa trei. Nimeiona pale kaunta. Sarafu thelathini na moja.

Mlango umegongwa. Nilidhani Mkuu, kumbe fundi. Kachungulia, kasema kwa upole meza iko tayari. Kasema hana kinyongo nami. Anaomba kimoja tu – nisimsikilize yule mzee wala nani, niseme kile ninachokiona mwenyewe, kwa macho yangu.

Nimemwambia nakuja.

Ninachokiona ni kahawia.