Mwanamke wa Koti Asiye na Uso

Columbia Heights, Minnesota

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na magoti yawe yamekupa nafuu. Sisi huku hatujambo, ila baridi haijatuachia. Theluji imeganda mlangoni mpaka tunaipasua kwa koleo. Nimekuandikia badala ya kukutumia ujumbe wa sauti kwa sababu jambo hili sitaki lisikizwe na nyumba nzima. Linamhusu marehemu dadangu Mwanaidi.

Yule mzee ninayemhudumia, Bibi Ingrid, nilikwambia mikono yake inatetemeka, hata kikombe namshikia mimi. Sikukwambia habari ya nyumba yake. Kuta zimejaa wanawake waliochorwa kwa wino, warefu, wembamba, na magauni na kofia za zamani. Aliyewachora ni marehemu mamake. Kabla kamera hazijaichukua kazi hiyo, maduka makubwa ya nguo huku mjini yalitangaza mitindo magazetini kwa michoro, naye aliajiriwa na duka moja. Watu wa sanaa walimdharau, wakamwita mchuuzi. Wenye duka nao wakalalamika kwamba nyuso zake zina uhai mno, msomaji anamtazama mtu, halitazami gauni. Wakamwamuru aziache tupu. Basi Mama, kuta nzima ni wanawake wasio na nyuso. Mwanzoni nilikuwa napanda ngazi nikitazama miguu yangu.

Mmoja alivaa koti refu jeusi, mkono kaunyoosha kama anayetaka kumshika mwenzake bega. Bibi alitaka huyo ndiye atundikwe mbele ya kitanda chake.

Asubuhi moja nilipoingia, Bibi alichungulia nyuma yangu, akauliza, "Na mwenzako hapewi kiti?"

"Mwenzangu yupi, Bibi? Niko peke yangu."

"Yule unayekuja naye kila siku. Leo anaona baridi."

Nikadhani ni uzee tu. Lakini mlango nilikuwa nimeshaufunga, na ubaridi wa nje ulikuwa bado unanipiga mgongoni.

Wiki iliyofuata nilimwacha kitandani nikashuka kufua. Niliporudi nilimkuta amekaa wima, kalamu ya mamake mkononi, mchoro umelala mapajani. Mkono hautetemeki hata chembe.

"Mamangu aliamriwa amwache bila uso," akaniambia. "Mimi hakuna aliyeniamuru."

Yule wa koti alikuwa na uso. Mama, ni Mwanaidi. Si yule mtoto tuliyemzika, bali mtu mzima, kama ambavyo angekuwa leo. Macho yako, kidevu cha Baba, na lile kovu linalokata nyusi ya kushoto, alilolipata alipoanguka kisimani. Sisi wenyewe hatuna hata picha yake moja. Mtu wa huku angelijuaje kovu lile? Wallahi sijawahi kumtaja katika nyumba ile.

Nilikaa sakafuni nikalia. Bibi akasema taratibu, "Mchukue. Si wangu huyu." Hapo mikono ikaanza tena kutetemeka, kalamu ikamponyoka.

Mume wangu alitaka tuuchome mchoro. "Mambo ya nyumba za watu huyajui," akanionya. Nilimkatalia. Miaka yote hii unasema sura yake inakupotea, nitauchomaje? Jumapili niliuviringisha mchoro nikampelekea Bi Salama, jirani yetu anayekuja huko Mombasa.

Jumatatu nilipofika kazini, Bibi Ingrid alitazama nyuma yangu kwa muda mrefu.

"Leo umekuja peke yako," akasema.

Nikageuka. Hapakuwa na kitu, kama ambavyo hapakuwahi kuwa na kitu. Lakini Mama, upweke ulionishika pale sijawahi kuuonja tangu nifike nchi hii.

Nisalimie Kaka Athumani na mkewe, na Mjomba fundi wa mabuibui. Mwambie lile alilonishonea bado nalivaa, juu yake makoti mawili. Bi Salama atakukabidhi mchoro mkononi. Usiufungue peke yako. Mwite Shangazi Mwanasha, yeye ndiye aliyemwosha Mwanaidi siku ya maziko. Mkae wote wawili, mfunge mlango, ndipo mumtazame.

Mwanao anayekuombea,
Zuhura