Kidoa cha Mwanga Juu ya Jiwe

Kaka Elia,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, kimoyomoyo, kwa sauti yako, maana kuanza bila salamu nimeona ni vibaya hata kwa mtu aliyelala.

Nilianza kukuandikia kwa Kiingereza. Usicheke. Shuleni wametuzoesha kwamba insha ya maana ni ya Kiingereza, nikaandika mistari miwili nikaona namwandikia mwalimu, siyo wewe. Karatasi nimeichana. Sasa naandikia mezani kwako, pale ulipokuwa unakatia picha. Kisu chako kipo. Rula yako ya chuma ipo. Vumbi tu ndilo limeongezeka, unaujua mtaa wetu wa Mkonze.

Nikuambie ya siku ile kwanza, maana wewe hukuiona yote. Ulikuwa unatoka mjini na picha yetu kubwa, ile ya mji jioni, sampuli ya kumpelekea meneja wa loji. Umeifunga kwenye godoro jembamba, umeikumbatia nyuma ya pikipiki ya Shabani wa bodaboda. Ulikuwa mwezi wa upepo. Shabani anasema mlipofika kwenye mteremko upepo ulikuja wa pembeni, ukaipiga ile picha kama bati lililong'oka, ukakunyanyua wewe nayo, ukakutupa upande lilikokuwa linakuja lori. Yeye alivunjika mguu. Siku hizi kila Ijumaa akitoka msikitini anakuja, anakaa nje kwenye ndoo iliyogeuzwa, anamwambia mama maneno yale yale: "Mama, wallahi sikumwangusha. Upepo ulimbeba." Na mama anamjibu, "Kunywa uji, mwanangu, utapoa."

Picha ilifika nyumbani kabla yako, kaka. Watu waliileta, wakaiegemeza ukutani, wakasimama tu pale uani. Hili sijamwambia mtu: kabla hawajafungua midomo, mimi nilifungua kona ya lile godoro nikaangalia kama imekwaruzwa. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Nikafurahi. Ilikuwa furaha ya kufumba na kufumbua, lakini ilikuwepo.

Halafu wakauliza picha ya kutangulia mbele ya jeneza. Hatukuwa nayo! Wewe uliyempiga picha kila mtu hapa mtaani, harusi zao, vipaimara vyao, mpaka misiba yao, hukuwa na picha yako. Simu yako ilisagika pale barabarani. Tukapata ile ndogo ya pasipoti, ikakuzwa haraka haraka mpaka macho yakawa ya kijivu. Na wewe ndiye uliyekuwa unasema pasipoti inamfanya hata mchungaji aonekane mwizi wa kuku. Basi nikakubeba hivyo hivyo kule kijijini Gulwe, kutoka kwa bibi mpaka kaburini, msalaba mbele, mimi nyuma yake na uso wako wa mwizi wa kuku kifuani. Mashangazi wakawa wananong'ona, "Mbona hafanani?" Nikaongeza mwendo. Unanijua.

Picha yako nyingine ni moja tu, hiyo hiyo ya mji jioni, na humo umeipa kamera mgongo.

Unaikumbuka jioni ile? Tulipanda jiwe letu kule nyuma, mimi na stendi ya kamera, wewe na maneno. Vumbi lilikuwa limetanda juu ya mji, mbingu nyekundu kama chungu kilichotoka motoni. Ukaniambia nisiguse kitu mpaka taa na mbingu zipeane mkono, taa zisiishinde mbingu na mbingu isizishinde taa. Tukasubiri. Maghorofa yakawaka moja moja, misikiti, makanisa, taa nyekundu za minara ya simu. Halafu ukasema, "Mji mtupu ni mabati tu, Bubu. Lazima awepo mtu wa kuutazama." Ukaenda mwenyewe kusimama ukingoni, wewe usiyependa kupigwa. Kamera haikukuona vizuri kwa ule weusi, ukawasha tochi ya simu ukaishusha usawa wa paja, mwanga ukaanguka kwenye jiwe. "Haya! Umenipata?"

Nilikupata. Na nilitaka kukuambia: kaka, geuka, moja tu ya uso. Neno lilifika hapa kooni likakaa. Nikajiambia si kesho tupo. Nikabonyeza.

Wewe ndiye uliyekuwa mdomo wangu, na hata jina la Bubu ulinipa wewe, na kwako tu sikununa. Wateja wakija ulikuwa unawaambia, "Huyu mdogo wangu haongei, anachaji," wakacheka, wakaniacha. Sasa hakuna wa kusema hivyo. Wiki chache baada ya msiba meneja wa loji alipiga simu kuulizia ile picha, ataiweka mapokezi. Mama akasema ipelekwe, itoke, hataki kulala nayo nyumba moja. "Hiyo ndiyo iliyoniulia mwanangu." Hakuwahi hata kulifungua lile godoro.

Nikaenda kwa bajaji, Shabani akanisindikiza na magongo yake. Sentensi zangu nilizikariri njia nzima kama mtihani. Meneja akaifungua, akarudi nyuma hatua mbili, akaisifu. Kisha akaweka kidole mgongoni kwako. "Ila huyu mtu tumtoe. Binti, mgeni amekuja kupumzika, hataki kuona mtu asiyemjua amesimama ukutani." Sentensi zote zikanitoka kichwani. Nikabaki na moja: "Ni kaka yangu." Shabani akamalizia kwamba ndiye aliyefariki. Meneja akanipa pole, kwa kweli alinipa pole, akashusha sauti. Halafu akasema, "Basi ndiyo zaidi, binti yangu. Wageni wangu niwalaze na marehemu?"

Nilisema hapana. Niliisema, kaka, kwa sauti, na mhasibu wao aliinua kichwa. Nikaifunga picha nikarudi nayo nyumbani, mama akaiona inaingia tena mlangoni, akakaa chini. Nikaisukuma uvunguni mwa kitanda changu. Nilidhani nimeshinda.

Jumamosi iliyopita kulikuwa na sendofu ya kumuaga binti wa mwenyekiti wa kwaya anayeolewa, kwenye ukumbi wa loji hiyo hiyo. Nilimsindikiza mama. Pale mapokezi, nyuma ya kaunta, ilikuwepo picha yetu. Waliikuza ile ndogo uliyomtumia meneja kwenye simu, imepauka, madirisha ya maghorofa yamekuwa kama uji. Na ukingo wa jiwe ni mtupu. Wamekufuta vizuri sana. Mahali kilipokuwa kichwa chako wameweka mbingu.

Mama alishaingia ndani na wenzake. Mimi nikazunguka kaunta nikasogea mpaka pua ikakaribia ukuta. Nikaona walichosahau. Pale chini, juu ya jiwe, mwanga wa tochi yako upo. Kidoa cheupe, kama punje ya mchele. Hakuna mtu, hakuna simu, ila jiwe limemulikwa.

Nikanyoosha kidole. Dada wa usafi akanijia na kitambaa chake begani. "Na wewe umeliona hilo doa, ee? Mimi kila asubuhi nalifuta. Sabuni nimetia, spiriti nimetia. Halitoki ng'o!"

Nikamwambia, "Usilifute tena, dada. Kaka yangu alisimama hapo."

Alianza kucheka. Aliponitazama akaacha, akakificha kitambaa mgongoni kama mtoto aliyekamatwa. Basi. Meneja sikumtafuta. Nilitaka, nikaufikia hata mlango wake, nikasikia anaongea na simu, nikarudi. Nguvu zangu ziliishia kwa yule dada. Nisamehe. Picha bado ipo pale na wewe haupo.

Tulipofika nyumbani nilimweleza mama yote, mpaka sabuni na spiriti. Halafu akasema, "Ilete." Nikaitoa uvunguni, nikakata kamba kwa kisu chako. Ndiyo mara yake ya kwanza kuiona. Hakuangalia mji, hakuangalia mbingu. Alikaa kwenye mkeka akakupapasa mgongo kwa vidole viwili, kama anakupangusa vumbi la shati.

"Mbona hakugeuka?"

"Sikumwambia, mama."

"Ungemwita tu, mwanangu. Yule alikuwa akiitwa anageuka."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Tumeitundika sebuleni. Ile ya pasipoti ipo ukuta wa mlangoni, hii ipo mkabala wake. Uso wako huku, mgongo wako kule, na mama anachambua mboga katikati. Wakati mwingine anainua kichwa upande mmoja, halafu mwingine, kama anayesubiri vikutane. Mimi napita haraka.

Kamera yako nimeifuta vumbi, lenzi haikuwa imeumia, uliiacha nyumbani siku ile. Kesho jioni naenda kwenye jiwe letu na Shabani. Ameomba mwenyewe, atapanda polepole na magongo yake. Nitamsimamisha mahali pako, mji nyuma yake, na hata akiugeukia mji sitamwacha autazame mpaka mwisho.

Lala, kaka. Gulwe kuna upepo pia, lakini huko huna cha kubeba. Nakuahidi kimoja tu, na ninakiandika ili kisinikwame kooni: kila nitakayemweka mbele ya kamera hii, kabla sijabonyeza, nitamwita kwa jina lake, kwa sauti, mpaka ageuke.

Mdogo wako,
Bubu