Wimbo wa Sita Kwenye Sidii ya Gari

Mshauri, usinicheke mpaka umalize kusoma, maana hata mimi nilianza kwa kucheka.

Mimi ni mke wa mtu hapa Ipinda, tunalima kokoa na mpunga, na mume wangu Ambilikile alinunua gari dogo lililotumika Japani, yale ukiwasha yanakusalimia kwa Kijapani, na ndani ya redio yake tukakuta sidii imeachwa humo, haina maandishi, ina nyimbo sita za mwanamke mmoja anayeimba na muziki nyuma yake, na kila wimbo ukiisha anavuta pumzi na kusema maneno machache, yaleyale, taratibu, kama anaongea na mtu aliyekaa kiti cha pembeni. Mimi ni mwanakwaya, sikio langu jepesi, na maneno mengi ya Kijapani yanaishia na a, e, i, o, u kama yetu, basi nikayaandika kwenye daftari jinsi ninavyoyasikia, nikayashika yote bila kujua hata moja lina maana gani.

Kyela mjini kuna ukumbi wenye karaoke kila Jumapili alasiri, wenzangu wanaimba bongofleva na nyimbo za Malawi, mimi nikasema leo nitawakomesha, nikapanda nikaimba wimbo wa kwanza wa ile sidii bila muziki, watu wakasimama, mwenye ukumbi akanipa soda, na niliporudi nikawasha gari nijilinganishe, nikakuta wimbo wa kwanza ni muziki mtupu, yule mwanamke hayumo. Badala ya kuogopa nilifurahi, nikaona nimepata muziki wa kuimbia. Jumapili iliyofuata nikaimba wa pili, naye akatoka kwenye wa pili, hivyohivyo mpaka wa tano, na kila mara watu wananiambia dada sauti yako inazidi kuwa tamu, na kweli ilikuwa tamu, ila haikuwa yangu.

Sasa sikia balaa. Baba mkwe wangu, Mzee Asajile, ni mtu wa mila zetu za zamani za Kinyakyusa, mkamwana haonani na baba mkwe, kwa hiyo miaka yote saba nikikaribia uani kwake napaza sauti tangu kwenye migomba kwamba napita, naye anainuka na kunipisha, hajawahi kuniona sura, ananijua kwa sauti tu. Wiki iliyopita nilipaza sauti kama kawaida, nikaingia na ndoo yangu ya maji, nikamkuta amekaa palepale. Tukatazamana uso kwa uso, ndoo ikaniponyoka. Aliondoka amejifunika koti kichwani, akamwita mume wangu.

"Nilisikia mgeni," akamwambia, "nikajua ni mama wa biashara anapita kwenda mpakani Njisi, ndiyo maana sikuinuka. Huyo uliye naye si mkamwana wangu. Wangu umempeleka wapi?"

Mume wangu alicheka. Halafu akaniomba nisimame nyuma ya mlango nimwite jina lake, nikamwita, akaja kufungua mlango aone ni nani.

Jumapili ijayo ukoo unakaa, na mzee asiponitambua narudishwa kwetu Ikolo. Jumamosi, siku moja kabla, wanakuja wageni wa Japani wanaonunua kokoa, na mwenyekiti wa chama chetu cha wakulima ameniomba niwaimbie wimbo wa kwao utakaowashangaza, na uliobaki ni mmoja, ule wa sita. Nikikataa wataona naringa, nikiimba sijui nini kitabaki kwangu. Nichague nini, mshauri? Nimekutumia vipande viwili vya sauti yangu, kimoja cha kwaya ya Pasaka, kimoja cha juzi ukumbini. Ndaga fijo, asante sana.

Kisa, Ipinda

*

Kisa, sijacheka. Nimesikiliza vipande vyote viwili, kisha nikamwita Hezroni anayepanga kurasa zetu asikilize bila kumwambia kitu. Akaniuliza kama hao wanawake wawili ni ndugu.

Kwanza nikugombeze. Nani alikuambia wimbo wa kuwashangaza watu unaokotwa ndani ya gari la mtu? Ukitaka wimbo wa Kijapani wa karaoke, tafuta uliouzwa madukani na kuimbwa na maelfu kabla yako, wenye kiitikio chepesi, na uulize maana ya kila mstari kabla hujafungua mdomo. Huo wako mtu aliuimba peke yake. Tena ukaona sauti imetoka kwenye sidii ukafurahi! Mwanakwaya mzima, hukujiuliza imekwenda wapi?

Yale maneno ya mwisho wa wimbo, kwenye kipande cha juzi umeyasema na wewe. Nilimpelekea dada mmoja aliyesoma Japani, Rut, akanitafsiria: "Nimechoka. Sasa endelea wewe." Nakuonea huruma, mwanangu.

Wimbo wa sita usiimbe. Wageni waimbie wa Kinyakyusa, Kijapani wamekisikia tangu wazaliwe. Sidii itoe, ifunge kwenye kitambaa, isipigwe tena. Na usimkasirikie mzee. Sisi wengine tukiona sura yako tunaridhika, yeye hana sura ya kumdanganya. Nenda kwenye migomba kila asubuhi upaze sauti, na usiingie uani mpaka umsikie anainuka.

Nilikuwa nimefika hapa nikaona nikupigie kwanza. Saa nne asubuhi simu ikapokelewa. Mwanamke mwenye sauti tamu sana akaniambia yeye ndiye Kisa, mambo yameisha, barua nisiitoe, na Jumamosi ataimba.

Kwa hiyo yaliyobaki ni yako, Ambilikile. Usibishane naye wala usimpige. Sidii itoe wewe, leo hii. Jumamosi asubuhi mshike mkono, mpeleke kwenye migomba ya baba yako, mwambie apaze sauti. Mzee asipoinuka, apaze tena. Msiondoke hapo, hata kama ukumbi mzima unamsubiri.